Figo za Karani

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu kwa jina lenye nafasi hata ya paka. Nakiri leo: nampenda Karani. Miaka yote nimewaambia namfuga kwa ajili ya panya, na nyumba yangu hapa Galbet haina panya.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimeandika makala nikiwacheka wanaoombea mbuzi. Ndipo Karani akaanza kuchuchumaa kwenye beseni lake la mchanga, akilia, bila kutoa hata tone. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba.

Kwenye maombi ya Jumatano niliona haya kutaja paka. Nikasema, "Mniombee, kuna mmoja nyumbani haendi haja ndogo." Mkaelewa mlivyoelewa. Mume wangu akashangaa akina mama wanamletea matikiti na kumpa pole bila kumtazama usoni.

"Umewaambia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ale tikiti.

Daktari Abdi, Msomali anayetibu mifugo hapa mjini, alimpapasa Karani tumbo. "Mimi ni mtu wa ngamia, mwalimu. Huyu nitamfungulia njia. Lakini mkojo umerudi nyuma, umeumiza figo. Figo ni za Mungu."

Alimpasua, akampa njia pana zaidi, na mkojo ukatoka. Lakini Karani hakula. Alibaki kwa daktari akitiwa maji ya dripu, tukingoja damu yake ipimwe tena. Figo zisingerudi kufanya kazi, ningemzika. Ndugu zangu, hapo elimu yangu iliisha. Nilipiga magoti jikoni nikamwombea paka, kwa jina lake, kwa sauti.

Nawashukuru kwa maombi yenu, hata yale mliyomwombea mume wangu. Mungu aliyafikisha panapostahili. Nawe uliye na jambo unaloliona dogo mno kumpelekea, mpelekee. Maana asubuhi simu ililia.

"Mwalimu, majibu ya damu imerudi. Figo zimeboa."

Vijana husema kitu kimeboa kinapowaudhi. Nikaketi sakafuni.

"Zimeboa kabisa?"

"Kabisa, alhamdulillahi."

Nikamuuliza, kwa sauti ya msibani, anamshukuru Mungu kwa lipi.

"Kwa sababu amekula nyama ya ngamia na anataka ingine. Zimeboa, mwalimu. Boa, kama chai."

"Zimepoa?"

"Si ndiyo nasema? Njoo uchukue baka wako."