Siku Wazee Walipotangulia Kwenye Hema la Nyota

Benchi letu limeegemea ukuta wa shule, hapo Yeshimebet anapopikia kahawa, na kwa baridi ya Debre Berhan mtu akishapata nafasi haachii. Alasiri ile nafasi zilikuwepo, watu walikuja wakakaa kila mtu mbali na mwenzake. Asubuhi wageni kutoka Addis Ababa walikuwa wameleta shuleni hema la nyota, lile linalojazwa hewa kwa feni, ukiingia ndani unaona mbingu nzima juu yako. Walikuja pia na mizani inayokuonyesha ungekuwa na kilo ngapi mwezini. Vyote hivyo vya watoto. Lakini wazee wa benchi walisema haiwezekani watoto waanze na wakubwa wapo, wakavua viatu, wakaingia wao. Kapteni, mkubwa wao, akaomba onyesho lirudiwe. Katikati ya hilo la pili umeme ukakatika, feni ikanyamaza, hema likawashukia vichwani taratibu. Wageni walingoja mpaka wakachoka, wakakunja vitu vyao. Kesho yake walitakiwa mji mwingine, Dessie. Watoto walirudi madarasani na sare zao walizofuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Mimi sikuingia, nilikuwa na suruali ya mteja kwenye cherehani.

— Ni transfoma, alianza Gizachew, fundi umeme wetu. Ile mashine ya kusaga ya pale chini inaimaliza.

— Transfoma gani, bwana, alisema Alemseged, tunayemwita Redio. Ni watu wa wilaya. Hawakualikwa, wakazima.

— Wilaya wazime mji mzima kwa sababu ya hema?

— Wewe huwajui. Tena kuna jingine. Ile setilaiti ya serikali, unadhani inakula nini huko juu? Ikipita hapa inavuta moto wetu, inajichaji, inaendelea na safari.

— Inavuta kwa waya gani, Redio?

— Ndiyo maana wewe umebaki kufunga balbu. Mambo ya siku hizi hayana waya.

Yeshimebet alimimina raundi ya pili, akaweka kikombe cha Gizachew kwa nguvu kidogo.

— Leo siku gani? akauliza.

— Alhamisi.

— Na Alhamisi umeme wa mtaa huu unafanya nini?

Gizachew alitazama kahawa yake.

— Unakatika, alisema. Saa nne hivi.

— Ulijua?

— Kila mtu anajua, dada.

— Basi wacheni setilaiti ya watu ipite zake.

Kapteni, jina lake Mzee Werkneh, jeshini alikaa miaka mingi, na pale benchini neno lake ndilo huwa la mwisho. Siku hiyo alikuwa amevuta shuka lake la pamba mpaka masikioni.

— Msimsumbue Gizachew, alisema. Aliniambia.

— Alikuambia nini?

— Tulipotoka mara ya kwanza. Alinishika mkono akasema, Kapteni, tuwaachie watoto, saa hizi umeme si wa kuaminika. Nikamwambia onyesho moja tu jingine.

— Kwa nini sasa, mzee wangu? aliuliza Yeshimebet, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Walituonyesha anga la Ogaden, kule vitani. Lile lile. Nilishika zamu chini yake na kijana mmoja wa Gondar, tukilala chali, tunabishana kila nyota ni ya nani. Huyo hakurudi kwao. Nikasema niangalie tena kidogo.

Redio alikohoa, akamsogezea Kapteni kikombe chake.

Kengele ya shule ililia. Watoto walitoka bila zile kelele zao, na Meklit, binti wa Yeshimebet wa darasa la tano, akaja na mkoba mgongoni, marafiki zake wawili wakabaki langoni wakimngoja. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa kuinama, kama alivyofundishwa, akasimama mbele ya Kapteni.

— Babu, mliona nini mle ndani?

Gizachew alimtazama Redio. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari tangu nimjue, alitazama barabarani.

— Kwanza walizima taa, alisema Kapteni.

— Halafu?

— Halafu ikawa giza kabisa. Halafu... ikawa vizuri, mwanangu. Vizuri sana.

— Vizuri vipi?

Kapteni aliinua mkono juu, vidole vimetanuka, ukakaa hapo hewani. Akaushusha mkono, akauweka gotini.

Meklit alingoja. Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililowashinda. Alingoja kwa adabu mpaka mama yake alipomwambia aende nyumbani, kuna baridi. Langoni wale wenzake walimuuliza kitu, akatikisa kichwa, wakaondoka watatu.

Yeshimebet alimimina raundi ya tatu, ile ya baraka. Hakuna aliyeinywa.