Nyayo za Dume Ziliishia Kwenye Tovuti Yangu

Naanza na ujinga wangu mwenyewe, nisije nikatanguliwa na mtu wa benchi la nyuma: nilitaka kuuza vitunguu swaumu, nikatangaza dume wa watu.

Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti kaniomba niseme, maana kila mwanakikundi mwenye biashara sasa anataka tovuti. Mnanifahamu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikifika stendi tu ya Dongobesh naanza kukumbuka kitanda changu. Niliposikia mtu anaweza kuuza mazao bila kutoka uani, nikasema hili jambo limeumbwa kwa ajili yangu. Nina kidato cha nne, nina kompyuta kuukuu, nina kiburi. Nikaitengeneza mwenyewe.

Ndugu zangu, niliipamba kama bibi harusi aliyevalishwa na mashangazi watatu waliogombana. Maua yalianguka kutoka juu. Ngoma ililia. Maandishi mekundu yaliwaka na kuzima: MZIGO UPO DONGOBESH, NYUMA YA MASHINE YA KUSAGA! WAHI! Na juu kabisa, kwa kuwa niliona kitunguu hakina sura, niliweka picha ya dume mweusi, pembe moja imeinama hadi shavuni. Nilimpiga picha malishoni Gitting, siku nilipoburutwa kwenda kwa wakwe. Mzuri kweli! Swaumu yenyewe niliiweka chini. Namba ya simu chini zaidi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikaandika: "Dume si wangu, nilimkuta Gitting, nimempendea umbo." Nikajiona mwaminifu.

Nikairusha kwenye makundi yote ya simu, hadi ya watu wa mnada.

Sasa, desturi ya huku mnaijua. Ng'ombe akipotea nyayo zinafuatwa, na zikiishia bomani kwako, wewe ndiye utakayejibu. Huulizwi kama umelala vizuri. Yule dume alikuwa wa familia moja ya wafugaji wa Hirbadaw, ametoweka wiki kadhaa. Walifuata nyayo, mvua ikazifuta, hasira ikabaki. Ndipo mmoja wao akafungua tovuti yangu. Kule kwao mtandao unakuja kwa kuchungulia. Akatokea dume, na pembe yake, na sikio lenye mkato wa ukoo wao. Yakatokea maandishi mekundu. Kisha ikaganda. Swaumu haikufika Hirbadaw. Namba ya simu haikufika. Kilichofika ni mwizi na mahali anapokaa.

Walikuja saa nne asubuhi, wanaume saba kwa pikipiki nne. Nilikuwa uani nachambua swaumu. Mbwa wangu alibweka mara moja, rungu likamkuta kichwani, hakubweka ya pili. Nikasema, "Karibuni." Meno mawili yakatoka pamoja na neno hilo.

"Dume yuko wapi?"

"Dume gani, jamani?"

"Unatuuliza sisi? Mwizi gani anatangaza mpaka njia ya kwake!"

Mlango wa ghala ukapasuliwa kwa shoka. Magunia yakachanwa, swaumu ikakanyagwa, uwanja mzima ukanuka kama sufuria la harusi. Mmoja alikanyaga kiwiko changu, mwenzake akauvuta mkono, nikasikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Mke wangu akatoka jikoni na mchi, akampasua mmoja utosi, damu ikamjaa macho. Mke wangu naye akabamizwa paji ukutani. Mimi, baba mwenye nyumba, nilikuwa natafuta namna ya kuingia ndani ya gunia.

"Msihangaike," mmoja akasema. "Mchomeni." Akaanza kukinga mafuta ya pikipiki kwenye kopo.

Hapo jirani yetu, mama yule pale anayejifanya kutazama dari, akaruka ua na simu mkononi. "Ngojeni! Huyu anauza vitunguu! Ameandika mwenyewe, nitawaonyesha!"

"Onyesha!"

Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo ndipo nilipojua uzito wa maua yanayoanguka.

"Inazunguka," akasema. Nikapigwa teke la mbavu.

"Bado inazunguka!" Teke jingine. Mafuta yakamwagika shingoni mwangu, ya baridi, yakaingia kwenye vidonda nikapiga yowe. Ngoma yangu ikaanza kulia kwenye simu yake, ile niliyoichagua kwa siku nzima, huku mtu anapapasa mifuko akitafuta kiberiti.

"Shemeji, hivi uliweka nini humu?" jirani akanifokea, utadhani nina mdomo wa kujibu.

Ikafunguka. Swaumu hiyo. Akateremka, akateremka, akamsogezea simu mzee aliyekuwa mkubwa wao. Mzee akayasoma yale mayai ya chawa kwa kunyoosha mkono na kukunja macho. Akampigia mtu wake wa Gitting. Tukasubiri, mimi nimelowa mafuta, kiberiti kiko mkononi mwa mtu. Jibu likaja: dume yuko huko, amejichanganya na kundi la ng'ombe wa watu, alifuata majike.

Mzee akamnyang'anya mwenzake kiberiti. Akainama, akaniuliza, "Kwa nini hukuandika haya juu?"

Nikafungua mdomo, nikamwonyesha pengo.

Baadaye wazee wa pande zote mbili waliketi, wakaniletea mtamba wa fidia, tukapatana. Lakini jina langu halikupona haraka kama mkono. Mnunuzi akisikia swaumu ya nyuma ya mashine, anasema, "Ya yule mwizi?" Mavuno yakaanza kuchipua ghalani. Mke wangu, na kovu lake kwenye paji, aliniambia kwamba yakioza hayo atarudi kwao, na mchi atauchukua. Hakuwa anatania.

Jirani akaja. "Fungua hiyo tovuti yako. Futa."

"Nini?"

"Vyote."

Ningebisha, lakini mkono ulikuwa kwenye plasta, naandika kwa kidole kimoja cha kushoto. Mtu wa kidole kimoja hana nguvu ya madoido. Niliandika: Tunauza vitunguu swaumu. Tuko Dongobesh, nyuma ya mashine ya kusaga. Namba hii hapa, juu. Nikaweka picha moja ndogo, swaumu kwenye kiganja cha mke wangu, watu waone ukubwa wake. Basi. Hakuna kinachoanguka, hakuna kinacholia.

Siku ya tatu simu ikaita. Ya kwanza mnunuzi wa Babati: "Nimeona mzigo, nimeona namba, nimepiga." Ya pili, nilipoisikia sauti tu, nikafunga mlango nikauegemea kwa mgongo. Ni yule mzee wa Hirbadaw.

"Imefunguka hata huku," akasema. "Mke wangu anataka debe moja. Unaogopa?"

"Hapana, mzee. Ila nitatuma kwa gari."

Akacheka mpaka akakohoa. Na ni yeye, si mimi, aliyewaambia watu wa mnada kwamba mwenye namba ile si mwizi, ni mpumbavu tu. Ushahidi huo uliniuzia ghala zima.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, ambaye yupo bado, na mchi upo. Nakishukuru kikundi hiki kilichochota maji na kupika kwangu nilipokuwa sijiwezi. Na ninyi mnaotaka tovuti, sikieni: mteja hakuja kutazama ngoma. Anataka kujua unauza nini, uko wapi, akupateje, na ajue hayo hata akiwa na simu iliyopasuka kioo, mtandao wa kuchungulia. Chochote ukiongeza, jiulize kwanza nani atasubiri wakati kinazunguka.

Nami sijapona kabisa ugonjwa wangu. Juzi nilimwambia jirani kwamba nafikiria kuongeza picha yangu tu, moja, nimevaa koti, watu waone mwenye mali. Hakuacha hata kuchambua mboga. Akasema:

"Shemeji, watu wanatafuta swaumu. Wewe hakuna anayekutafuta tena. Shukuru, ukae kimya."