Nani Apande Mbele

Basi la kutoka Mbeya lilipopita Kiwira, kijana aliyepakata betri mbele yangu alikuwa keshamweleza jirani yake, mwalimu wa kike mgeni wa huku, habari zote za lori lake kuukuu la jeshi. Alilinunua mnadani likiwa limeota majani. Tangu serikali ifungulie biashara ya nje spea zinapatikana, na kesho linatembea kwa mara ya kwanza.

"Nani atapanda mbele na wewe?" mwalimu akauliza.

"Hapo ndipo nakwama, dada. Mke wangu Tupokigwe amelikwangua kutu yote kwa mikono yake. Na baba naye anaingoja safari hiyo tangu mwaka jana."

"Si wapande wote?"

"Weee! Huku kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawaonani, dada!"

Kweli kabisa. Mimi baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi tu. Nikikisikia, naingia migombani.

"Basi mzee akae nyuma, chini ya turubai."

"Baba yangu, kama mkungu wa ndizi?"

"Basi mkeo."

"Aliyekwangua kutu?"

Mwalimu akacheka. "Mfundishe mkeo kuendesha. Wewe ukae nyuma na mzee, mtazame mlikotoka."

"Baba aendeshwe na mkwe wake?"

"Hatamwona. Atamsikia tu akibadilisha gia."

Nikageukia dirishani nisionekane ninavyocheka. Basi likasimama Ibighi. Kijana akashuka, akabaki kwenye mvua na betri mikononi, amesahau hata kuitua.