Kuni za Nyumba ya Ghorofa Tatu

Benchi la mtaa wa Podgaj limeegemea uzio wa Bi Zumra, na hakuna anayekumbuka nani aliliweka hapo. Kinachojulikana ni kwamba kahawa yake hutoka jikoni kwa Bi Zumra, ndani ya birika dogo la shaba, na anayeileta ni Senija, mke wa mwanawe, huku amembeba binti yake mchanga kiunoni. Ilikuwa mwisho wa Septemba, wakati ambao mji wetu huu mdogo wa Bosnia hunukia pilipili hoho za kuchoma kutoka lango hadi lango, na hakuna mwanamke asiye na masizi vidoleni. Asubuhi hiyo lori lilikuwa limemwaga magogo ya kuni mbele ya nyumba, yakaziba nusu ya barabara. Wenyeji wa benchi walifurahi kupata pa kuegemeza miguu, na wakafurahi zaidi kupata la kubishania.

Walikuwa watatu, kama kawaida. Dizeli, aliyeendesha basi la Sarajevo mpaka yeye na basi wakastaafishwa siku moja. Kitunguu, anayetabiri baridi ya mwaka kwa kutazama unene wa maganda ya vitunguu vyake, na ambaye hajawahi kupatia wala kukata tamaa. Na Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote, ila huongea kama mtu aliyewekewa vipaza sauti mbele yake.

— Hizi kuni hazifiki popote, alisema Dizeli, akilipiga gogo teke la kirafiki. Nyumba ya ghorofa tatu, kuni za kuchomea pilipili!

— Zinatosha na kubaki, alisema Kitunguu. Mwaka huu maganda ni membamba kama karatasi. Hakuna baridi. Mtakaa na fulana mpaka Machi.

— Mwaka jana ulisema hivyohivyo, na bomba la choo changu likapasuka.

— Bomba lako lilipasuka kwa uzee, Dizeli. Usinisingizie.

Senija alimimina kahawa polepole kuliko ilivyohitajika. Alitaka kusikia.

Maana Dizeli alisema kweli, hazikutosha. Marehemu baba mkwe alijenga kama wanavyojenga watu wote wa huku, ghorofa kwa kila mwana. Ya chini ya Muho, mume wa Senija. Ya kati ya Rifet. Ya juu ya Almir. Sasa Muho yuko Slovenia akijenga barabara, na hurudi nyumbani msimamizi wake akiamka vizuri. Rifet yuko Austria na Almir yuko Sweden. Kila vuli hupiga simu kwamba Mwaka Mpya watakuja, na kila Mwaka Mpya huzuka jambo. Hata hivyo Bi Zumra huwasha lile tanuru kubwa lililo chini ya nyumba, linalopeleka maji ya moto kwenye ghorofa zote, ili wanawe wasije wakakuta vitanda baridi.

Majira ya baridi yaliyopita joto lilipanda kwenda kukaa na vitanda vitupu, na huku chini wakabaki na uvuguvugu. Februari kuni ziliisha. Wakachoma mbao za kuanikia matunda, wakachoma na mlango wa banda la kuku. Mtoto alilala na kofia, akikohoa mpaka uso ukawa mwekundu kama pilipili. Senija alitaka jambo moja tu mwaka huu: wafunge ghorofa za juu, wahamie jikoni wote, waishi kando ya jiko la chuma mpaka theluji iyeyuke. Kwa jiko lile, kuni hizi zingewafikisha Aprili. Kwa tanuru, zisingefika hata Februari. Alikwisha kujaribu kulisema hilo mara mbili, na mara zote mbili alimkuta Bi Zumra anafua mapazia ya ghorofa za juu. Akaishia kumsaidia kuyakamua.

— Tatizo si kuni, alisema Waziri, akidumbukiza kipande cha sukari kwenye kahawa na kukifyonza. Ndugu zangu, tatizo ni upepo. Upepo wa dirisha kwa mlango. Huo ndio uliomuua mjomba wangu.

— Mjomba wako aligongwa na trekta!

— Alikuwa kwenye trekta kwa sababu alikuwa anakimbia upepo. Senija, binti yangu, nisikilize mimi. Chukua magodoro yote ya ghorofani, yasimamishe kwenye madirisha. Joto halitoki.

— Na mwanga hauingii, alisema Dizeli. Mtoto atakua kama uyoga. Hapana, magodoro ni mambo ya kizamani. Mimi nina mpango. Lile basi langu si bado lipo kule yadi? Injini imekufa, ila kile chombo cha kupasha joto abiria ni kizima kabisa. Tunalivuta mpaka hapa, tunapitisha bomba la mpira dirishani...

— Injini imekufa, chombo kitatoa wapi joto?

Dizeli alikunywa kahawa kwanza.

— Hilo nalishughulikia.

Ndani ya uzio, Bi Zumra alikuwa amepiga magoti mbele ya bati la moto, akigeuza pilipili kwa vidole vitupu. Hakuinua kichwa.

— Nyie mnahangaika bure, alisema kwa sauti. Tanuru litawashwa kama kila mwaka. Nyumba yenye ghorofa baridi ni nyumba ya waliokufa, na humu hakuna aliyekufa isipokuwa mume wangu Mehaga, na yeye hakupenda baridi.

Benchi zima liligusa kofia kwa heshima ya marehemu.

— Basi kondoo, alisema Waziri.

— Kondoo gani tena?

— Babu zetu walilala juu, mifugo ikalala chini. Joto la mnyama linapanda lenyewe, halidai kuni wala umeme. Weka kondoo kumi ghorofa ya chini, na Rifet akija atalala juu bila shati!

— Ghorofa ya chini nalala mimi, alisema Senija.

Alisema kwa sauti ndogo. Wazee wote watatu walimgeukia kana kwamba birika ndilo lililosema.

— Si lazima wawe kumi, alisema Waziri kwa upole. Hata watano.

— Wewe Waziri wewe, alisema Kitunguu, kondoo wanakula nyasi, nyasi ni ghali kuliko kuni. Mwanadamu ndiye jiko la bei nafuu. Harusini si huwa mnatoka jasho kabla hata ya kucheza? Ni miili ile. Kinachotakiwa hapa ni kuita watu. Kila jioni mtaa mzima unakuja kulala kwa Bi Zumra, ghorofa kwa ghorofa, na nyumba inachemka!

— Na nani atawapikia kahawa?

Wakatazamana, kisha wakamtazama Senija, kisha, kwa aibu kidogo, wakatazama vikombe vyao.

Hapo ndipo trekta likapanda mtaa, likiburuta msumeno wa mviringo nyuma yake. Kila vuli mzee Sejfo huzunguka nyumba hadi nyumba kuwakatia watu magogo, lakini aliyekalia usukani siku hiyo hakuwa mzee Sejfo. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amejifunga kitambaa cha maua, na miwani ya kufanyia kazi imekaa juu ya paji la uso. Dizeli alimwona, mara akaanza kukagua kiatu chake kwa makini sana.

— Amani kwenu, alisema akishuka. Mimi ni Mirsada. Mjomba Sejfo nyonga imemgomea, kwa hiyo mwaka huu mko na mimi.

— Mwanamke na msumeno! alisema Waziri.

— Msumeno haujalalamika, baba. Kuni za nani hizi?

— Zangu, alisema Bi Zumra kutoka kwenye bati lake. Karibu. Sejfo anajua kazi ya hapa. Kata kama anavyokata yeye.

— Mjomba ameniambia mengi, mama, mpaka nani ana mbwa mkali. Ila kipimo cha hapa hakuniambia. Nikate urefu gani?

Bi Zumra aliacha kugeuza pilipili.

Mirsada alinyanyua gogo kama anayenyanyua mtoto, akalilaza mezani pa msumeno, akangoja. Kisha akadhani hawakumwelewa.

— Nauliza mnachomea wapi. Kama ni jiko la jikoni, nakata fupi. Kama ni tanuru la chini, nakata refu.

— Refu, alisema Kitunguu.

— Wewe si umesema hakuna baridi? alisema Dizeli.

— Basi ya wastani.

— Ya wastani haiingii jikoni, na kwenye tanuru inapwaya, alisema Mirsada.

Waziri alijiweka sawa kwenye benchi.

— Dada yangu, suluhisho ni jepesi. Kata fupi zote. Fupi inaingia jikoni, na kwenye tanuru pia inaingia. Hakuna anayekosa.

— Inaingia, baba, ila tanuru litazitafuna kama mbegu za alizeti. Kabla theluji ya kwanza haijayeyuka mtakuwa mnachoma viti. Na nikishakata, mimi siunganishi. Watu wengi mji huu nimewakatia fupi, wanalala jikoni na wanashukuru Mungu. Si hata mzee huyu jana nimemkatia fupi mzigo mzima?

Alimwonyesha Dizeli kwa kidevu. Dizeli, ambaye kila mwaka huapa kwamba nyumba yake ina joto kutoka darini mpaka kwenye mapipa ya kabichi kule chini, alizidi kukiinamia kiatu chake.

— Ni kwa ajili ya mgongo, alisema. Ndefu zinaniumiza mgongo.

— Dizeli! Unalala jikoni?

— Mgongo unalala jikoni. Mimi naufuata.

Siku nyingine wangemcheka mpaka adhana ya alasiri. Siku hiyo Kitunguu alianza kucheka, kisha akaangalia nyumba yake upande wa pili wa barabara, na ile ghorofa ya juu aliyomjengea mwanawe, ambayo mpaka leo haina hata lipu. Akaacha. Waziri naye alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikombe.

Pilipili moja ilianza kuungua. Bi Zumra hakuigeuza. Alikuwa ameinua uso, anaangalia madirisha ya juu na mapazia yake meupe aliyoyapiga pasi wiki iliyopita. Mkono wenye masizi ulikuwa umetulia pajani.

Senija alimwona, na akaona pia kwamba hakuna mwingine atakayesema. Wazee hawa wangebuni mipango mia nyingine, wangeleta ngamia, lakini hili wasingeligusa. Akampandisha mtoto kiunoni.

— Mama, alisema. Rifet akija, tutamlaza jikoni pamoja nasi. Na Almir. Nafasi ipo. Nimeshapima.

Bi Zumra aliichukua ile pilipili iliyoungua, akaimenya ganda jeusi taratibu, akalitupa.

— Rifet anakoroma, alisema mwishowe.

— Muho pia anakoroma, mama.

— Muho anakoroma kama binadamu. Rifet ni ule msumeno pale. Tangu ana miaka minane.

— Basi tutamweka karibu na mlango.

— Mlangoni kuna upepo! alisema Waziri, akainuka nusu.

— Wewe kaa! alisema Bi Zumra, na kwa sauti hiyo benchi zima likajua kwamba jambo limekwisha. Alisimama, magoti yakilia, akajifuta mikono kwenye aproni. 

— Dizeli, wewe unayejua mabomba. Utapanda ghorofani ufungue maji yote yatoke kwenye vyuma vya joto vya ukutani, yasije yakaganda yakapasua. Na usiache hata kikombe cha maji kwenye mabomba, nitakuja kukagua. Kitunguu na Waziri, magodoro. Mawili yashuke jikoni. Si dirishani, jikoni!

— Na mgongo wangu je? alisema Dizeli.

— Mgongo wako ndio ulionifundisha. Panda!

Kisha akamgeukia Mirsada, na sauti ikashuka kidogo.

— Kata fupi, mwanangu.

Mirsada alishusha miwani. Msumeno ukaanza kupiga kelele, vumbi la mbao likaruka mpaka kwenye vikombe, na wenyeji wa benchi wakaingia ndani wakisukumana, kila mmoja akimwelekeza mwenzake kwa mikono namna godoro linavyobebwa. Mtoto, badala ya kulia, aliushangaa msumeno kwa mdomo wazi.

Kipande cha kwanza kilipoanguka, Bi Zumra alikiokota kabla hakijatulia. Akaingia nacho jikoni. Senija alimwona kupitia dirisha akifungua mlango wa jiko la chuma, akisukuma, akigonga, akisema peke yake. Alirudi nacho mkononi, akapita katikati ya vumbi, akakiinua mbele ya miwani ya Mirsada.

— Refu! alipiga kelele juu ya kelele za msumeno. Punguza vidole viwili! Mlango haufungi!