Mzee Kitufe na Sauti ya Cherehani

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu wenu, mimi ni mdogo wake marehemu wa kufuatana, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kama yalivyoridhiwa na shemeji yangu, mjane, aliyeketi hapa mbele, hivyo mwenye la kunong'ona akamnong'oneze yeye mwenyewe.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Kitufe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa pili kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1952, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1960, na Januari 1963 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika jengo la ghorofa kumi na moja, akaitumikia kazi hiyo hadi kustaafu tarehe 30 Juni 2004, mikono ikinuka grisi hata siku za harusi, zikiwemo zake mwenyewe.

Alifunga ndoa ya kwanza tarehe 6 Aprili 1968, na mke aliyekuwa fundi wa nguo, wakajaliwa watoto wawili, kisha mama huyo akafariki tarehe 9 Juni 1977. Tarehe 20 Desemba 1980 alimwoa shemeji yangu huyu, aliyewalea wale wawili na kuzaa watatu wake, na aliyeikuta cherehani ya mtangulizi wake chini ya dirisha la sebuleni, akajifunza kuiendesha, ikawa yake.

Tarehe 2 Februari 2021 kaka alipatwa na kiharusi, mwili ukapata nafuu lakini kumbukumbu zikampa kisogo, akawa mtu wa kukaa kitini kimya, chakula kinapoa mbele yake, na mkewe akimwamkia kwa adabu kama anayemwamkia muuguzi wa zamu. Kwa kuogopa kumsumbua, shemeji aliifunika cherehani, mpaka wajukuu walipochana shuka naye akakaa kulishona, na pedeli ilipoanza kulia, kaka aliinua kichwa, akacheka, akaomba chai, akaongea kama redio, shemeji akalia kwa furaha, hadi alipomsikia akimwita kwa jina la yule aliyezikwa mwaka 1977.

Daktari alitueleza kwamba kumbukumbu haiji yenyewe, lazima kitu kiuguse ubongo kwanza, sauti, harufu au sura, na ubongo ukishaguswa huchagua, kwa kuwa zinazofanana hugombea, na iliyojikita zaidi hupita na kuzisukuma nyuma zile nyingine. Shemeji alitaka jambo moja tu, kwamba kabla ya kufa mumewe amtambue hata mara moja, akamwimbia, akampikia, akavaa gauni la harusi lililogoma kufungwa mgongoni, na kaka akamshukuru kwa heshima zote, akamuuliza anaishi mtaa gani.

Basi akarudi kwenye cherehani, kwa sababu huko angalau mumewe alikula, akashona vitambaa visivyo na kazi, akimpa mgongo, maana akigeuka na uso wake ukaonekana, kaka hunyamaza papo hapo, na shemeji akaanza kuitikia jina la mfu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yetu mkubwa, mtoto wa mke wa kwanza, alisikia siku moja baba akimtania mama yake marehemu kwa jina na sauti ya mwanamke ikimjibu, akatoka mbio bila viatu, na mpaka leo hapiti sebuleni akiwa peke yake.

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2023 kaka alishusha sauti, akamwambia mkewe wa kwanza kwamba ana jambo linamsumbua, kwamba humu ndani kuna mama mmoja anamlisha na kumfuta mdomo, jina lake halijui, asikasirike, lakini amempenda. Shemeji hakugeuka, aliendelea kukanyaga pedeli, akamjibu kwa jina la mwenzake kwamba hana kinyongo, ampende tu, na kaka akashusha pumzi, akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia kelele za cherehani, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Kaka, lala kwa amani, umeruhusiwa.