Mokami wa Ukurasa wa Nane

Ndugu waombolezaji, na wazee wetu wote, shikamooni, mzee Magige ameomba historia ya mke wake isomwe polepole, nasi tunaanza na aibu, kwa sababu mama huyu aliyewasumbua wazee wa Nyamongo nzima kuhusu tarehe, ya kwake mwenyewe hatuna uhakika nayo.

Marehemu Mokami Heche, Mama Robi, alizaliwa Gorong'a tarehe 4 Machi 1951 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, au tarehe 12 Agosti 1953 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, na kila mumewe alipomuuliza ashike ipi, aliambiwa angoje, kuna kazi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Gorong'a, akasomea ualimu, akafundisha Genkuru kuanzia Januari 1971 hadi Juni 1994. Alifunga ndoa na mzee Magige tarehe 20 Desemba 1972, wakajenga Nyamongo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Robi mwaka 1974 na Heche mwaka 1977.

Baba yake alizikwa mwaka 1993, na historia iliyosomwa siku ile ilimpa mke ambaye hakuwahi kumwoa, ikamnyang'anya miaka kumi na moja ya kazi, na maiti, jamani, hawezi kunyoosha mkono apinge. Mokami alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Ndiyo maana Mei 1995 aliingia mkataba na kampuni moja ya Mwanza, iliyompa atumie jina la jarida lake la wazee, lenye maandishi makubwa, na kurasa za afya zilizokwisha kuandikwa, ila kurasa za habari za hapa kwetu azijaze mwenyewe na jarida aliuze mwenyewe. Ukurasa wa nane aliutenga kwa historia ya mzee aliye hai, na haikuchapwa mpaka mwenyewe asomewe mbele ya mashahidi wawili, aseme ni kweli.

Sasa fikirieni mzee Magige. Dhahabu imepamba moto, majirani wanapangisha wachimbaji hadi stoo za mahindi, na sebule yake yeye imejaa marobota ya majarida na wazee wanaobishania nzige walikuja mwaka gani, naye anakula jikoni miaka kumi na minne! Mwaka 1998 ukurasa wa mzee Oduol ulivuka mpaka wa Sirari, shemeji zake wa Kenya wakaona picha na historia, wakadhani amekufa, wakaja na dume la ng'ombe la kuzikia, akawapokea mwenyewe mlangoni. Tangu hapo kila picha iliandikwa juu yake: Yu hai.

Tangu mwaka 2004 mzee Magige alimsihi aandike na ya kwake, yasije yakampata ya baba yake, akaambiwa toleo lijalo, na toleo lijalo, mpaka akachoka kuomba. Kisukari kilimwanza Mokami mwaka 2005, akalazwa tarehe 3 Mei 2009, na tarehe 9 mumewe alipompelekea daftari na kalamu wodini, alimtuma aende kwa mzee Ogada, aliyekuwa zamu yake kuandikwa, kwamba ukurasa wake haujathibitishwa. Alifariki tarehe 11 Mei, saa kumi alfajiri, daftari likiwa jeupe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, walimu wenzake, na vijana wa bodaboda waliobeba marobota yale bila kulalamika, tofauti na mwenye nyumba.

Jana mchana mzee Magige aliisoma historia hii kando ya jeneza, mashahidi wakiwa mzee Oduol na mzee Ogada, akafika mwisho, akasubiri kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita Mokami hakumsahihisha. Mzee alilia.

Pumzika kwa amani, Mama Robi, na kama tarehe tumekosea, hilo umejitakia mwenyewe.