Jua Alilonyimwa Pascaline

Wasikilizaji wapendwa, leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunamkumbuka Maman Pascaline, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda, muuza unga wa muhogo pale sokoni Base Camp, aliyefariki Agosti 2013. Saratani ndiyo iliyomuua. Lakini mateso mengine aliyapata mikononi mwa aliyempenda.

Mwezi wa nne, daktari mjini Mbarara alimwambia mumewe, Mzee Grégoire, kwamba saratani imeingia mifupani na haiponi tena. Grégoire akaapa mkewe hatajua. Akamwambia ni baridi ya mifupa tu.

Majibu ya damu nayo yakatoka: vitamini D ilikuwa chini mno. Muuguzi wa pale Mbarara, Hajara, aliyelelewa katika kambi ya jeshi ya Makenke, alimweleza kwa Kiswahili cha askari, kile kinachomeza silabi: "Mzee, bibi yako anataka jua. Usimufiche."

Alimaanisha jua hili linalotuwakia. Haliponyi saratani, ila mwili ukilikosa, mifupa huweza kuuma zaidi. Lakini Grégoire alikuwa na siri moyoni. Yeye alisikia: anataka kujua, usimfiche ugonjwa wake. Akaondoka bila kuuliza.

Alipofika Nakivale akafunga mlango. Dirisha akaliziba kwa turubai. Wageni akawarudisha, wasije wakaropoka. Miezi mitatu, wasikilizaji. Miezi mitatu gizani!

"Munitoshe inje," Pascaline alilia atolewe nje. "Mifupa inaniuma."

"Inje kuko bantu mingi," mumewe akamjibu. "Lala, maman."

Mwishoni mwa Julai Grégoire alirudi Mbarara kuchukua dawa ya maumivu. Hajara akamuuliza, "Jua anaota saa ngapi kwa siku?" Hapo ndipo mzee wa watu alipotambua kwamba muuguzi alisema jua la mbinguni, si kujua. Alirudi mbio, akambeba mkewe nje mwenyewe. Pascaline aliota jua siku nane, akafariki.

Baada ya mazishi, Grégoire alijifariji mbele ya binti yake, Eliane. "Angalau mama yako hakujua."

Eliane akashindwa kujizuia. "Papa, maman alijuaka tangu mwezi wa ine. Alinikatazaka kukuambia, juu asikuvunje roho."

Ole wetu na siri zetu! Alifungiwa gizani ili asijue alichokijua.

Pole sana, Mzee Grégoire. Pole, Eliane. Uchungu huu hauna pa kuutua. Nanyi wenye mgonjwa ndani, zimeni redio hii, mwende mkamwulize anataka nini.